Kitabu Kigumu Si Kitabu Kiovu



Kuna neno linalosemwa miongoni mwetu kwa muda sasa, nasi tumelinyamazia kwa heshima ya wazee walilolianzisha. Leo hatuna budi kulijibu, maana kimya chetu chaanza kuhesabiwa kuwa ni kukubali. Neno lenyewe ni hili: ya kwamba walimu wanaokusanya watu Jumamosi jioni katika darasa la shule, na kuwasomea kitabu kirefu cha hadithi juu ya dunia inayokufa, wanawapotosha waumini, na ya kwamba kitabu hicho kiondolewe katika kabati la vitabu, kisionekane tena.

Mashtaka ni matatu. La kwanza, kitabu ni cha giza, kwa kuwa anayesimulia ndani yake ni mtesaji, na kutesa ndiyo kazi aliyofundishwa. La pili, ni uzushi mtupu juu ya jua linalozimika na nchi isiyokuwako, na Mkristo hana haja ya uzushi. La tatu, kitabu ni kigumu mno. Hata walimu wenyewe hawakielewi chote, sembuse mkulima ambaye kisomo chake ni Injili na kitabu cha nyimbo. Tutayajibu yote matatu kwa utaratibu. Lakini twasema tangu mwanzo kwamba la tatu ndilo lililo zito, tena ndilo lililotuuma.

Kwanza yafaa wasomaji wajue ni kitabu gani tunachokinena, maana wengi wanaokishtaki hawajakiona.

Chaitwa The Book of the New Sun, maana yake Kitabu cha Jua Jipya. Kiliandikwa kwa Kiingereza na Gene Wolfe wa Marekani, kikatolewa kwa juzuu nne kati ya mwaka 1980 na 1983. Wolfe alizaliwa New York mwaka 1931, akafariki mwaka 2019. Hakuwa mtu wa kukaa bure na kuota ndoto. Alipokuwa kijana alipelekwa katika vita vya Korea. Baadaye alisoma uinjinia, akafanya kazi katika kampuni ya viwanda, na huko alikuwa miongoni mwa waliotengeneza mashine ya kupikia vile viazi vyembamba viitwavyo Pringles. Kisha alikuwa mhariri katika gazeti la mainjinia, na vitabu hivi vinne aliviandika wakati huo, akiwa na kazi ya mshahara na watoto wa kulea. Tena alikuwa Mkristo, Mkatoliki, aliyeingia katika kanisa hilo akiwa mtu mzima.

Na hadithi yenyewe kwa ufupi ndiyo hii. Miaka isiyohesabika imepita. Jua limezeeka na kuwa jekundu, hata nyota zaweza kuonekana mchana. Dunia, ambayo sasa yaitwa Urth, imechoka. Watu wakaa katika magofu ya waliowatangulia, na mengi waliyoyajua wazee wao wameyasahau. Katika mji mkubwa uitwao Nessus kuna chama cha watu ambao kazi yao ni kuwatesa wafungwa kwa amri ya wakubwa. Mtoto mmoja, jina lake Severian, alilelewa katika chama hicho, wala hakujua nyumba nyingine. Alipokua alimpenda mfungwa mmoja, mwanamke wa jamaa kubwa aitwaye Thecla. Thecla alipokwisha kuanza kuteswa, Severian alimpenyezea kisu kwa siri, apate kujiua na kuepukana na maumivu. Kwa ajili hiyo alifukuzwa katika nyumba ya chama, akatumwa mji wa mbali. Njiani likamfikia jiwe la thamani liitwalo Ukucha wa Mpatanishi, ambalo pengine laponya wagonjwa na pengine haliponyi, wala yeye mwenyewe hajui sababu. Mwisho wa safari yule mtesaji akawa mtawala wa nchi, na juu yake likawekwa tumaini la kuletwa jua jipya.

Sasa tuyaendee mashtaka.

Wazee wetu wauliza, mtu wa namna hii ana nini cha kumfundisha Mkristo? Nasi twauliza, je, Sauli aliyekaa karibu na nguo za wale waliompiga Stefano kwa mawe, alikuwa na nini cha kutufundisha? Na Daudi, aliyempeleka Uria mahali penye vita vikali? Maandiko hayakuyafuta mambo yao ili watu wapole wasisumbuke. Yaliyaacha yasomwe.

Wengine wameshika habari ya kile kisu, wakasema kitabu chasifu mtu kujiua. Haya si kweli. Kitabu hakikisifu kisu. Chatuuliza, ni nyumba gani hiyo ambamo upendo ukiingia hauna zawadi ya kutoa ila kisu? Severian hakuwa mtoto mbaya kuliko watoto wengine. Aliyaona mateso kama watoto wetu wanavyoliona jembe na mbuzi: ni kazi ya nyumbani, aliikuta ikifanywa na wakubwa wake, nao walikuwa watu wa taratibu, waliokula pamoja na kuadhimisha sikukuu yao kila mwaka. Hapa ndipo penye hofu katika kitabu hiki, wala si katika damu. Mtu mwema aweza kufanya jambo baya maisha yake yote, kwa kuwa alilikuta.

Je, sisi hatuna mambo ya namna hiyo? Nani kati yetu hajaona mjane akitolewa katika nyumba ya marehemu mumewe, vyungu vyake vikiwekwa nje, na watu waliopokea Meza ya Bwana juma lililopita wakasema, Ndiyo desturi? Nani hajasikia bibi kizee akiitwa mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi? Waliosema hayo hawakujiona kuwa watesaji. Severian naye hakujiona hivyo. Wolfe aliwahi kuandika kwamba twapenda kukumbuka kuwa Bwana wetu alikuwa seremala, lakini twasahau kwamba mti na misumari na nyundo, vyombo vya useremala, ndivyo vilivyotumika kumwua. Mtu aliyeandika hivyo hachezi na mateso. Anatuonyesha yalivyo karibu na kazi ya mikono yetu.

Tena yafaa mwisho wake usikiwe pia. Lile jiwe lilipovunjika, Severian aliona kwamba ndani yake mlikuwa na mwiba tu. Baadaye, akitembea pwani, akachomwa na mwiba wa kichaka, akaona unafanana na ule. Ndipo akafahamu kwamba utakatifu haukuwa katika jiwe. Na kama mwiba mmoja ni mtakatifu kwa ajili ya Yeye aliyeufanya, basi kila kitu kimefanywa na mkono uo huo. Akavua viatu vyake, akavitupa baharini, asitembee na viatu mahali patakatifu. Mnasema kitabu ni cha giza. Mtu aliyelelewa kati ya wenye kutesa, mwisho wake avua viatu kama Musa. Je, giza hilo ni lipi?

Shtaka la pili, kwamba ni uzushi. Twakubali kwamba ni habari zilizotungwa. Jua letu lina umri wa miaka karibu bilioni 4.6, na wataalamu wa nyota wasema lina miaka bilioni 5 hivi ya kuendelea kuwaka. Hakuna mtu awezaye kukisoma kitabu hiki na kuamka usiku kwa hofu ya jua la kesho. Lakini nabii Nathani alipokwenda kwa Daudi, alianza na habari ya kondoo mmoja wa maskini. Kondoo yule hakuwako katika zizi lo lote, na bado Daudi alikasirika kweli kweli, mpaka akaambiwa mtu mwenyewe ni nani. Kama Nathani angalianza na jina la Uria, mfalme angaliufunga moyo wake. Habari iliyotungwa yapita mlango wa nyuma, ambako hatukuweka mlinzi.

Na John Bunyan je? Kitabu chake cha msafiri aendaye Mji wa Mbinguni kilitoka mwaka 1678, kikafasiriwa katika lugha yetu, nacho chasomwa katika nyumba za Wakristo pasipo mtu kunung'unika, ijapokuwa mna jitu lenye kufungia wasafiri katika ngome yake. Hata Bunyan mwenyewe, katika mashairi aliyoyatanguliza, asema kwamba baadhi ya rafiki zake walimshauri asikichapishe. Basi neno hili la wazee wetu si geni. Lilisemwa juu ya Bunyan, naye akachapisha. Na leo wajukuu wa walioogopa wakisoma kitabu chake humshukuru Mungu.

Tuje sasa kwenye shtaka la tatu. Wasema kitabu ni kigumu, nasi hatukatai. Mwandishi hasemi kila kitu. Severian ajisifu kwamba hasahau neno hata moja, lakini msomaji akiangalia vema ataona kwamba mara nyingine amenyamaza, na mara nyingine maneno yake hayapatani. Tena maneno mengi ni mageni. Wolfe ajifanya mfasiri wa maandiko yaliyoandikwa katika lugha ambayo bado haijakuwako, na kwa mambo yasiyo na jina katika Kiingereza cha leo aliokota maneno ya kale ya Kiyunani na Kilatini, wala hakuyabuni. Kwa mfano, rangi ya majoho ya watesaji aiita fuligin, na asili yake ni neno la Kilatini la masizi. Mwalimu mwenye kamusi nzuri alitafuta jioni nzima.

Lakini ugumu huu si mpya kwenu, ndugu zetu. Nani wa ninyi alikiacha Kitabu cha Kutoka kwa sababu ya efodi, na Urimu na Thumimu? Mlisoma shekeli na efa kabla ya kujua uzito na kipimo chake, mkaendelea, na maana ikaja polepole. Mliyaweza hayo. Kwa nini leo mwambiwe kwamba hamwezi?

Twataka kueleza jambo moja lililotokea katika kusanyiko letu. Katika juzuu ya kwanza Severian afika kwenye ziwa ambamo wafu huzikwa kwa kuzamishwa. Hapo akuta mzee mmoja mwenye mtumbwi, amtafutaye mkewe aliyekufa zamani na kuzamishwa humo; mzee amwita Cas. Baada ya kurasa chache Severian aanguka majini, na mkono wamshika. Atoka msichana, hajui ametoka wapi, hakumbuki kitu ila jina lake, Dorcas. Mwandishi haunganishi mambo haya mawili kwa neno lo lote. Tulisoma, tukafunga kitabu, tukaenda zetu.

Jumamosi iliyofuata mama mmoja mzee, ambaye kisomo chake ni hicho cha Injili na nyimbo, aliinua mkono.

"Mwalimu," akasema, "yule mzee wa mtumbwi, mkewe aliitwa nani?"

Tukamjibu, "Cas, Bibi."

"Na huyu aliyetoka majini aitwa Dorkasi. Hamkulisikia jina moja ndani ya jingine?"

Twakiri kwamba tulitabasamu. Tukamwambia, "Bibi, yule ni mzee wa mvi, na huyu ni msichana."

Akajibu, "Maiti hazeeki, Mwalimu."

Kisha akatukumbusha habari ya Dorkasi wa Yafa, yule aliyewashonea wajane nguo, akafa, na Petro akamwinua. Tukanyamaza. Miezi mingi ikapita, tukafika juzuu ya nne. Humo Severian amkuta Dorcas akimlilia yule mzee wa mtumbwi, naye amekwisha kufa. Bibi hakusema neno, alitutazama tu. Sisi wenye vyeti tulikuwa tumepita juu ya jambo lile kama mtu apitaye juu ya kisima kilichofunikwa, naye ndiye aliyesikia maji.

Basi wanaosema kwamba kitabu hiki ni kizito kwa watu wa kijijini, watuambie wanamnena nani. Bibi huyu hakuhitaji kurahisishiwa. Alihitaji kusomewa, na kukumbuka, na kuulizwa. Miaka yote amezoea kuyasikiliza Maandiko, ambamo jina la mtu lina maana, na jambo lililosemwa katika Mwanzo larudi katika Injili. Kisomo chake, mnachokiita kidogo, ndicho kilichompa masikio.

Na hili ndilo lililotuuma. Mtu akisema kitabu ni kibaya, twaweza kubishana naye, na pengine atatushinda. Lakini akisema, Kitabu ni chema ila ninyi hamkiwezi, amekwisha kufunga mlango kwa nje, tena amesema kwa sauti ya huruma. Watu wetu wamelishwa chakula kilichotafunwa kwa muda mrefu. Vitabu vyembamba, hadithi ya mtoto mtiifu aliyepata zawadi na mtoto mkaidi aliyeumwa na nyoka, na mwisho mafundisho yameandikwa chini kwa herufi nzito, asije msomaji akafikiri mwenyewe. Hatuvidharau, vina mahali pake, na sisi wenyewe twavitumia darasani. Lakini mtu mzima asiyepewa kingine, meno yake yalegea. Halafu siku moja aja mhubiri wa uongo, mwenye maneno laini, naye mtu wetu hajazoea kuuliza, Je, huyu asema yote? Amenyamaza wapi? Kitabu ambacho msimulizi wake hawezi kuaminiwa katika kila neno chafundisha swali hilo kwa usalama, pasipo mtu kupoteza shamba wala imani yake.

Mkumbukeni yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma katika gari lake, akirudi kutoka Yerusalemu. Filipo alimwuliza kama ayafahamu anayosoma, naye alikiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Angalieni Filipo alivyofanya. Hakumwambia akifunge chuo cha Isaya atafute kilicho chepesi. Alipanda garini, akaketi pamoja naye. Dawa ya kitabu kigumu ndiyo hiyo, wala hatujui nyingine.

Twageuka sasa kuwaonya wa upande wetu, tusionekane kuwa twawahukumu wazee peke yao. Wako walimu wanaokisifu kitabu hiki kwa kuwa ni kigumu tu, wakitaka waonekane kuwa wamekielewa. Hao wamefanya kisomo kuwa kanzu ya sikukuu. Wako vijana wanaotafuta muhtasari katika simu, kisha waja kusema mwisho wa hadithi kabla wenzao hawajafika. Hao wamekula wali wa mwenzao. Na wako wanaotaka kumfanya Severian kuwa kielelezo. Si kielelezo. Ana kiburi, na mwenendo wake kwa wanawake mara nyingi ni wa aibu, wala yeye mwenyewe haoni aibu ya kutosha. Kwa hiyo twasema wazi kwamba kitabu hiki si cha watoto, na mwalimu atakayewasomea watoto amekosa.

Tena asiyekipenda aruhusiwe kukiacha. Kuna ndugu mwema aliyekuja Jumamosi tatu, akasema kimemchosha, akarudi kwenye bustani yake. Hatukumwona kuwa mjinga. Alikionja, akahukumu kwa ulimi wake mwenyewe.

Basi ombi letu ni moja. Kabati lisifungwe. Wazee wanaokishtaki kitabu waje Jumamosi, nasi tutawaachia viti vya mbele. Wakisikiliza, na bado wakaona mna sumu, watuonyeshe ukurasa, tuusome pamoja, tujadiliane kama ndugu. Na wakitushinda kwa hoja, tutakitoa kabatini kwa mikono yetu wenyewe. Lakini kukihukumu ambacho hakijasomwa ni kama kumhukumu mtu ambaye hakuitwa barazani. Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao yamhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao hawakuwa na jibu ila kumdhihaki. Tusiwe watu wa namna hiyo.

Jumamosi ijayo twaanza tena juzuu ya kwanza, kwa ajili ya wageni. Bibi amekwisha kusema kwamba atakuwako, maana asema kuna jambo juu ya yule mzee anayesafisha picha za kale ambalo sisi walimu bado hatujaliona.